Wimbo Ulioishia Nakonde

"Haupatikani katika nchi yako," Fortunata alisoma, akaigeuza simu kana kwamba wimbo umejificha mgongoni mwake. "Ndivyo inavyosema, Mama Aida."

"Nchi gani?" Restuta aliuliza. Bado alikuwa na shazia mkononi, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, uzi wa katani ukining'inia. "Zambia si ile pale? Jogoo wao wakiwika nawasikia."

Kweli. Kutoka kibanda cha vocha cha Fortunata, nyuma ya maghala ya mahindi ya Tunduma, mabati ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, yanaonekana. Mahindi yanavuka, sukari inavuka, mbuzi wanavuka bila kuulizwa na mtu. Wimbo mmoja wa kwaya, ati, umezuiwa. Hawa watu wa mitandao nao wana mambo.

Wimbo ulikuwa wa Aida, binti pekee wa Restuta. Miaka sita iliyopita Aida aliondoka kijijini kwao Hasamba, kwenye kahawa, kumfuata dereva mmoja wa Kitwe, Zambia, na mama yake akamwambia mbele ya watu wa kanisani: "Ukivuka na huyo, usinirudie." Aida akavuka. Akabadilisha namba. Haukupita mwaka Restuta naye akahama, akaja hapa Tunduma kushona magunia, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba kahawa haina bei. Uongo mtupu. Alitaka akae mahali ambapo binti yake, siku akirudi, lazima apite.

Juzi ndipo Damiano, dereva wa lori, alipomletea habari huku magunia yakipakiwa.

"Mwanao anaimba siku hizi, mama. Ubeti wa tatu ni Kinyiha, na humo anamtaja mama. Sasa mimi Mnamwanga, Kinyiha chenu nakipata nusu nusu. Kama anamlilia huyo mama au anamsema, sijui."

Tangu hapo Restuta alikuwa anashona upande. Jana gunia lilifumuka mbele ya bosi, mahindi yakamwagika hadi mtaroni, wala hakujitetea. Anamlilia au anamsema? Hakuna kingine alichotaka kujua.

"Tusogee kule mpakani," Fortunata alisema, akichomeka laini ya Zambia kwenye simu ya mwenzake. "Tukishika mnara wao, itatuona Wazambia."

Wakasogea. Programu ya nyimbo ikawaona, ikaanza maswali.

"Inataka jina. Inataka namba yako." Restuta akataja ile yake ya siku zote. "Sasa inataka kujua mahali ulipo."

"Mwanangu wa kumzaa hajui nilipo. Hii inataka kujua ya nini?"

"Usipokubali, haiendelei."

"Basi kubali."

"Inataka na sauti yako. Na namba za watu wote waliomo humu."

"Hata mchungaji hajawahi kunihoji hivi," Restuta alinung'unika. "Mpe yote."

Likaja tangazo la kubeti. Kijana akapayuka weee, mpaka akachoka. Ndipo Aida akaimba.

Sauti ilikuwa imenenepa kidogo, lakini ni yeye, na ile pumzi anayoivuta kabla ya kupanda juu, tangu kwaya ya watoto. Restuta aliketi chini palepale kwenye vumbi. Ubeti wa kwanza ulikuwa Kibemba, wa pili pia. Hakuambulia kitu, lakini aliitikia kwa kichwa kila neno. Kiitikio kikaisha, ngoma zikapoa, Aida akavuta pumzi.

Simu ikanyamaza.

"Muda wa kuonja umeisha," Fortunata alisema polepole. "Inataka kadi ya benki."

Kadi hawakuwa nayo, si huyu wala yule. Fortunata akajaribu kuurudisha wimbo nyuma, ukagoma. Restuta akalia waziwazi, wapita njia wakimwona.

"Nilimfukuza kwa mdomo wangu," alisema. "Namtamani, Fortunata. Hata akinisema, nataka anisemee masikioni."

Fortunata aliendelea kubonyeza huku na huku, kisha akatulia.

"Mama Aida, hebu ngoja. Imepekua simu yako, sasa inakuletea watu."

"Sitaki watu."

"Huyu hapa amevaa joho la kwaya. Inasema, Aida anayo namba yako."

"Alibadilisha namba."

"Alibadilisha yake. Hii ni yako. Imo kwenye simu yake mpaka leo, hakuifuta." Fortunata alikunja uso, ndivyo alivyo akikaribia kulia. "Halafu hawa hawakupaswa kutuambia. Kilichomo kwenye simu ya mtu ni siri yake. Wambea wakubwa."

Restuta aliichukua simu kwa mikono miwili. Akaitazama picha muda mrefu.

"Nikitaka kuongea?"

"Shikilia hapo. Ukimaliza, achia, sauti itamfikia."

Restuta akainuka. Akajikung'uta vumbi la mahindi, akafunga kanga yake vizuri, akaweka kidole. Kati ya maneno ya miaka yote hiyo, likatoka moja.

"Hodi," alisema. Akasubiri. "Hodi, mwanangu."

Akaachia. Akabaki amesimama pale mpakani, hatua moja nyuma, kama mgeni uani asiyejua kama ndani kuna mtu.