Pingamizi dhidi ya Mama Vailet

Ofisi ya mtaa hapo Bagara ilikaribia kufungwa, na Kandida, ambaye majirani humwita Mama Vailet, alikuwa bado hana shahidi. Mpambe wa mwenyekiti alikuwa amemwekea pingamizi: eti si mkazi, analima Mutuka na huko kijijini ndiko anakolala. Ni kweli, wakati wa palizi hulala shambani siku mbili tatu, lakini tangu lini jembe likamhamisha mtu? Afisa mwandikishaji alikuwa mpole, ila sheria ni sheria: alete jirani asiye ndugu, leo hii, la sivyo jina linafutwa kwenye orodha ya wapiga kura. Na likifutwa, siku wenzake watakapopanga foleni kumng'oa mwenyekiti aliyeziba njia ya bombani, yeye atakuwa anachungulia dirishani.

Majirani wote walikuwa mashambani. Aliyebaki ni Noela, Mama Blessing, anayepakana naye ukuta, na hao wawili hawakuwa wamesemeshana tangu Pasaka. Ugomvi wenyewe redio: Kandida hufungulia kwaya kabla hakujapambazuka, na Noela hugonga ukuta mpaka lipu inadondoka.

Kandida alibisha hodi, akaeleza shida yake. Noela alijifunga kitenge, akatangulia. Huyu anakuja kunimaliza, aliwaza Kandida akimfuata nyuma. Akisema tu hanifahamu, basi, yamekwisha.

Ofisini, mpambe alikuwa amekaa karibu na dirisha, anatabasamu. Afisa alimuuliza Noela kama anamjua huyu mama na kama kweli anakaa mtaa huu.

"Mimi na huyu hatupatani," alisema Noela.

Mpambe aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hatupatani kwa sababu kila alfajiri ananiamsha na redio yake. Siku akihama nitachinja kuku. Lakini hajahama. Angehama, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kujua."

Afisa aliinamisha uso kuficha kicheko, kisha akaandika kwamba pingamizi limekataliwa. Kandida alitaka kushukuru, akaishia kulia pale pale mbele ya watu.

Walirudi pamoja. Walipofika mlangoni Kandida aliahidi kuipunguza redio, tena kuanzia kesho.

"Ipunguze," alisema Noela. "Ila siku ya kura iache juu, nisije nikapitiwa na usingizi."