Mduara wa Ishirini na Mbili

Jumanne, saa nne asubuhi, Polycarpe alikuwa amekaa kwenye dirisha la jikoni, mtaa wa Saint-Josse, ugenini, anafuma duara. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Mwenye nyumba alikuwa amezima radiator ya kupasha nyumba joto tangu Aprili ianze, kwa hiyo Polycarpe alivaa koti lake la zamani la kazi. Kwa miaka kumi alisafisha vioo vya maofisi kule Schuman, ili wakubwa waone mbali. Hawakuona kitu.

Duara la kwanza lilifumwa na mke wake, Kasoki, kabla hajafa mwezi wa pili. Lilikuwa la sufu ya kahawia, mizunguko ishirini na mbili, bapa kama sahani. Ulikuwa ubavu mmoja wa simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye kule Butembo hulala jikoni, karibu na moto. Mbavu mbili ukizishona pamoja ukaacha mdomo juu, ukaweka masikio, umepata sakoshi, mkoba wa kubebea vitu.

Sakoshi ilikuwa ya binti yao, Gracieuse. Walimwacha Butembo kwa nyanya yake akiwa na miaka sita, kwa muda kidogo, faili yake ya kuwafuata ikitengenezwa. Faili ilitengenezwa miaka kumi na moja. Wakubwa wa kule walipoteza cheti cha kuzaliwa mara tatu, na wakubwa wa hapa walikiomba mara nne. Kila mwaka nyanya alimpa msafiri kamba yenye urefu wa mtoto, toka kisigino mpaka utosi, ili wazazi wanunue nguo za kumtosha. Kila kamba ikifika, Kasoki alilifumua duara lake na kulifuma upya, kubwa zaidi. Mtoto hangojei ofisi.

Sasa kamba kumi na moja zilikuwa kwenye droo ya vijiko. Tarehe tisa Juni Gracieuse angefikisha miaka kumi na minane, na siku hiyo, barua ilisema, faili ya mtoto hufungwa.

Maman Priscille, jirani wa ghorofa ya chini, alipanda kuleta sombe, mboga ya majani ya muhogo. Akaangalia kazi ya Polycarpe bila kukaa.

"Papa Polycarpe, hii ni sakoshi ao ni bakuli?"

"Ni simbilisi."

"Simbilisi ya wapi? Unasahau kuongeza. Kila tour, kila muzunguko, unaongeza six. Six, six. Usipoongeza, inajikunja, inakuwa na shimo. Kasoki hakukufundisha?"

"Alinifundisha. Sikuwa nasikiliza."

"Bon. Bwanaume njo vile." Akaacha sombe mezani, akashuka.

Polycarpe hakufumua. Alikuwa amechoka kuambiwa arudie upya, na hilo ofisi zilishamwambia vya kutosha. Alishona duara lake lenye shimo kwenye duara bapa la Kasoki, akaweka masikio. Alipokuwa anamaliza, sindano ya kufumia ilimponyoka ikaangukia ndani. Akaingiza mkono kuitafuta. Mkono ukaenda mpaka kiwiko, halafu mpaka bega. Kule chini kulikuwa na joto na harufu ya kuni mbichi. Mtu akamrudishia sindano kiganjani, na hakuuachia mkono wake.

"Papa," sauti ya Gracieuse ilisema toka ndani, "mukono yako iko baridi."

"Wamezima radiator."

"Na wewe unakula?"

"Kuna sombe."

Walishikana hivyo mpaka sombe ikapoa. Kiganja alichokiacha kilikuwa kidogo kama andazi. Hiki kilikuwa na sugu ya jembe, na kilijaa mkononi mwake.

Tangu siku hiyo walishikana kila asubuhi. Polycarpe alipitisha miwani ya nyanya, na Maman Priscille alipitisha dawa ya goti ya mama yake, aliyekuwa kulekule Butembo. Alilalamika tu kwamba mdomo wa simbilisi ni mdogo.

Mwezi wa tano Polycarpe aliuliza, "Kichwa yako inaingia?"

Sakoshi ikavimba, ikanywea. "Inaingia, papa. Mabega njo inakatala."

Alipiga hesabu kwa vidole. Mizunguko kumi zaidi kila upande, na mdomo upanuliwe. Sufu ilikuwepo, na wiki tatu zilimtosha. Lakini Kasoki siku zote alikuwa anasema kwenye nchi ya watu mtu huanza kwa kuuliza. Basi akaweka simbilisi kwapani, akaenda kwenye ofisi ya faili kuuliza.

Mama wa dirishani aliingiza mkono, akapapasa, akasema bonjour, akautoa na kuufuta. Akachukua rula, akapima mdomo.

"Mkono unaruhusiwa, bwana. Kuanzia mabega inahesabika ni safari, na safari inataka viza."

"Viza tunangoja miaka kumi na moja."

"Ninaona hapa."

Akapitisha waya mwembamba kuzunguka mdomo wa simbilisi, kwenye mduara wa ishirini na mbili, akaufunga kwa kipande cha madini ya risasi chenye muhuri. Aliomba radhi kwa sababu kidole chake kilikuwa kimeacha wino kwenye sikio.

"Na kama singeuliza?" Polycarpe alisema.

"Basi tusingejua, bwana."

Aliteremka ngazi zile ambazo kuna mtu alizisafisha asubuhi.

Tarehe tisa Juni barua ilisukumwa chini ya mlango. Ilisema Gracieuse si mtoto tena, faili imefungwa, na ilimtakia siku njema. Polycarpe aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, kisha akaingiza mkono kwenye simbilisi. Gracieuse hakuushika. Alimwekea kamba.

"Ya mwaka huu," alisema. "Nilijipima mimi mwenyewe."

Polycarpe akaivuta. Ilikuwa ndefu kuliko alivyofikiri, ndefu kuliko Kasoki. Alipiga msumari kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, akatundika kamba, akaung'oa msumari, akaupiga chini kidogo, mpaka ncha ya kamba ikagusa sakafu. Halafu akarudi kwenye kiti chake, akaingiza mkono, na safari hii ukashikwa.

Jioni Maman Priscille alipanda na sombe. Mlangoni alikuta kamba imesimama. Akaigeuzia bega, akapita pembeni taratibu, sahani mkononi.

"Pardon, mutoto," alisema.