Bibi Anayetafuta Ufunguo

Wazee wote wa kwenye mchezo ule wa kompyuta walikuwa wanakaa tu. Mtu anamzaa mtu wake kwenye kompyuta, anamsomesha, anamwoza, anamjengea nyumba, na nywele zikishaingia mvi yule mtu anavuta kiti dirishani na kukaa mpaka afe. Wachezaji walichoka. Wengine, binti yangu aliniambia bila haya, walikuwa wanawafungia wazee chumbani bila chakula ili nyumba irithiwe haraka.

"Na hao wazee umepewa wewe?" nilimuuliza.

"Nimepewa mimi, Mama. Bosi amesema nikishindwa kuwachangamsha, uzee wenyewe unafutwa. Mtu akimaliza utu uzima, basi, anakufa."

"Angalau huyo bosi wako ni mkweli."

Hakucheka. Binti yangu hutengeneza michezo ya kompyuta, na mimi nilikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya mji huu nimewafundisha mimi kushika usukani, na waliniita Mwalimu Breki kwa sababu hilo ndilo neno walilolisikia zaidi kutoka kinywani mwangu. Nilipostaafu nilibaki na gari langu jekundu la kufundishia, lenye breki ya pili upande wa abiria, nikahamia kwa binti yangu. Tunaishi wawili tu. Mumewe alishaondoka na hakuna aliyemlilia. Kila asubuhi nilikuwa nalitoa gari, nazunguka mji bila sababu yoyote, narudi na mkate.

Kisha nikagonga nguzo ya geti. Nguzo ile imesimama vibaya tangu ijengwe, na hilo nitalisema mpaka kaburini. Binti yangu akalipeleka gari gereji kunyoosha bampa, akanipokonya na ufunguo wa pili, akauficha, akasema nitaupata daktari akishanipima macho. Kwa daktari hatukwenda. Bampa nalo halikuisha kunyooshwa.

Siku za mwanzo sikuamka kitandani. Niamke niende wapi? Chai ilikuwa inaletwa, inapoa, inaondolewa. Halafu asubuhi moja hasira zikaniinua, nikaanza kuutafuta ule ufunguo. Nilijua nikiutia mkononi tu, nakwenda gereji kwa miguu yangu, naliwasha gari na bampa lake bovu, na wa kunizuia azaliwe kwanza. Nilipekua makopo ya unga, mifuko ya makoti, chini ya magodoro, nyuma ya jokofu. Binti yangu akirudi kazini alikuwa anakuta nyumba imepinduliwa, na hasemi kitu. Anapanga upya, mpaka anatabasamu. Nilidhani ni subira.

Basi alipokuja na shida ya wazee wake wa kompyuta, nikaona mlango umefunguka.

"Nikikusaidia, unanipa ufunguo wangu," nikasema.

Alisukumasukuma chakula kwenye sahani yake. "Wakipendwa, nitakupa."

Nikamwambia anapokosea. Alikuwa amewapa wazee bustani, paka, mazoezi ya viungo, na wajukuu wa kuja Jumapili. "Unawapa vitu, ndiyo maana wanakaa," nikasema. "Mtu aliyeletewa kila kitu asimame afuate nini? Chukua bibi mmoja humo, umnyime. Mnyime kitu kimoja anachokitaka hasa, kiwe ndani ya nyumba hiyohiyo, na ajue kipo. Uone kama atakaa."

"Kitu kama nini?"

"Kama ufunguo wa gari," nikasema, nikamkazia macho.

Aliacha kula. Akavuta simu yake na kuanza kuandika, nami nikajiona mjanja kupita wote. Nilidhani namuuzia siri, kumbe namthibitishia jinsi ya kunifunga.

Kazini kwao hakuna anayebuni kabati ikiwa anaweza kulipiga picha. Kila mmoja hupiga picha vitu vya nyumbani kwake, vikaingizwa kwenye mchezo, kwa sababu, wanasema, kitu cha kweli kina kasoro zake na macho hupenda kasoro. Kwa hiyo yule bibi alipozaliwa upya, alizaliwa nyumbani kwetu, penye pazia letu lenye doa, kabati letu lenye mlango usiofunga, na kiti changu. Alivaa sweta yangu ya kijani. Alitembea kama mimi, bega moja mbele. Kila siku anaamka kutafuta ufunguo wa gari, na wanawe wanauficha, na mchezaji anachagua kama atakuwa bibi au mmoja wa wanawe.

Watu waliupenda mchezo huo mno. Zaidi walipenda kuwa wanawe.

Bosi alinialika ofisini nikajionee. Ni kijana mwenye ndevu nyingi na adabu nyingi, na alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo, Bibi. Jungu kuu halikosi ukoko. Umetuokoa."

Ukutani kulikuwa na skrini kubwa, na wafanyakazi wamesimama na vikombe vya kahawa wakimtazama bibi mwenye sweta yangu akiinama kuchungulia chini ya kitanda. Akasimama, akaelekea kwenye makopo ya unga. Mmoja wao akauhamisha ufunguo kabla hajafika. Bibi akafunua kopo, akakuta unga. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bibi akashika kiuno akanung'unika, na ile sauti ilikuwa yangu. Sijui binti yangu alinirekodi lini. Niliumia, nikatamani kuzima umeme wa jengo zima. Badala yake nikasema ahsante, nikapewa kipande cha keki.

Kwenye lifti nikamwambia binti yangu, "Wamependa. Lete ufunguo."

"Mama, bampa bado."

"Sikukuomba bampa."

"Tutaongea nyumbani," akasema. Nyumbani hatukuongea.

Jumamosi aliniwekea mchezo kwenye tableti yake ya zamani, akaenda sokoni. Nadhani alitaka nijivunie. Nikachagua kuwa bibi, maana kuwa mtu mwingine nisingeweza. Mchezaji asipouficha ufunguo mwenyewe, mchezo ndio unaouficha, na huuficha pale ulipofundishwa na aliyeutengeneza. Nikampeleka bibi kwenye makopo, kwenye makoti, nyuma ya jokofu, njia ileile niliyokwisha kupita kwa miguu yangu. Hakuna kitu. Mwisho nikamwingiza chumbani kwa binti yangu. Juu ya kabati lenye mlango usiofunga palikuwa na boksi la viatu vyeupe vya harusi. Lile boksi nalijua, ila sikuwahi kuligusa. Mtu hapekui viatu vya harusi vya mwanawe, hata kama ndoa yenyewe ilishakufa. Bibi wa kwenye mchezo hana aibu hizo. Akapanda stuli, akatia mkono kwenye kiatu cha kushoto, muziki wa ushindi ukalia.

Nikaweka tableti kwenye kochi. Nikaenda chumbani, nikapanda stuli kwa magoti haya yanayolalamika, nikatia mkono kwenye kiatu cha kushoto. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kiatuni.

Nilitembea mpaka gereji kama msichana anayekwenda kuposwa. Fundi mkuu pale ni mwanafunzi wangu wa zamani, mtu mzima sasa, na kitambi chake, ambaye kurudi rivasi kulimtoa jasho na machozi. Aliponiona na ufunguo mkononi aliacha kujifuta mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Gari yangu iko wapi?"

"Mwalimu, hebu kaa kwanza."

"Sikuja kukaa."

Akatazama chini. "Gari iliuzwa, Mwalimu. Ilikaa hapa siku chache tu, tukanyoosha bampa, mwanao akaja na mnunuzi. Alisema unajua." Kisha akautazama ufunguo. "Huo wa pili mnunuzi aliuulizia. Mwanao akasema umepotea."

Alitaka kunirudisha nyumbani kwa gari la mteja. Nilikataa. Njia niliyokuja nayo kwa haraka nikairudi kwa kushika kuta.

Tableti ilikuwa bado inawaka kwenye kochi. Bibi mwenye sweta ya kijani alikuwa anazunguka mji na gari lake jekundu, peke yake, bila kuchoka. Binti yangu alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Nikauweka ufunguo mezani, katikati ya maganda.

"Gari uliuza kabla sijaanza kutafuta," nikasema. "Mimi nilikuwa natafuta ufunguo wa nini?"

Aliweka kisu chini. "Ulikuwa umelala tu, Mama. Ulikuwa huli. Nikawa nasema leo nakwambia kuhusu gari, na siku hiyohiyo nikarudi nikakuta umeamka, umevaa, umepindua makabati yote, unanitukana. Nilifurahi jinsi ulivyonitukana." Alikuwa analia, na si kwa vitunguu. "Nikaona nikikwambia utarudi kitandani. Basi ukiukaribia, nauhamisha, ili uendelee. Ulipomaliza nyumba nzima nikautia kwenye kiatu, kwa sababu najua hutakigusa."

"Ulikuwa unacheka?"

"Sijawahi kucheka, Mama."

Nilimwamini, na hilo ndilo lililoniuma kuliko gari. Angekuwa ananicheka ningemtukana, nikapata nafuu. Wale wa ofisini walimhamishia bibi ufunguo kwa kicheko, huyu alinihamishia kwa mapenzi, na mgongo ulioinama chini ya kitanda ni uleule.

"Ungeniachia gari," nikasema. "Ningeamka vilevile."

"Ningekuzika, Mama."

Inawezekana ni kweli. Nguzo hazisogei, na mimi naziona siku hizi kwa shida kuliko ninavyokiri. Lakini alipaswa kuniambia, niamue mwenyewe kama nitaamka au nitalala.

Akajifuta uso kwa kiwiko. Akauokota ufunguo, akaugeuzageuza, kisha akauacha palepale, kwa kuwa hapakuwa tena na maana ya kuuficha.

"Sasa utafanya nini?" akauliza.

Sauti ilikuwa ileile aliyoniuliza nayo juu ya wazee wake, siku ile tukila. Alikuwa anasubiri nimpe jibu zuri, kama nilivyompa wakati ule. Nikavuta kiti changu mpaka dirishani, nikakaa.