Mstari Wenye Jina Langu

Habari za kijiji chetu cha Shumba Viamboni niliziandika mimi katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuihariri. Wengine hutumia majina ya kubuni. Mimi nilisoma ukubwani, kwa taa ya chemli, na kazi yangu siionei haya. Kila nilipohariri nilitia jina kamili: Mabruki Duni Nyange.

Uchaguzi ulipokaribia, Hamzah, aliyekimbilia Maskati katika fujo za uchaguzi uliopita, aliongeza shukrani zake kwenye ukurasa ule. Aliandika kwamba Bi Mwatum alimficha bandani kwake, nyuma ya magunia ya mwani, na mwisho akamtakia bibi huyo Pepo. Hakukusudia baya, kwetu fadhila hutangazwa. Hakujua kwamba nyuma ya magunia yaleyale sasa alikuwapo Silima, mpwa wa Bi Mwatum, na kwamba gari lisilo na namba lilikuwa likizunguka vijijini kumtafuta kwa mambo yaleyale ya uchaguzi.

Niliyafuta maneno yale, nikenda kumpa Bi Mwatum habari njema. Akataka kuona. Nikamwonyesha ukurasa kwenye simu, safi kabisa. Akabonyeza palipoandikwa "Historia". Maneno ya Hamzah yakarudi yote: banda, magunia, jina lake.

"Weye na masomo yako, Mzee Mabruki," akasema taratibu. "Hukufuta. Umefunikia kawa tu. Mwenye njaa si atafunua?"

Kumhamisha Silima hatukuweza. Gari lilikuwa limeegeshwa njia panda. Nikasoma masharti. Kuficha kabisa ni kazi ya wasimamizi wa kamusi, na ombi huandikwa kwenye ukurasa unaosomwa na dunia nzima, likitaja maneno yalipo. Hiyo ilikuwa sawa na kusimama njiani nikalinyooshea banda kidole.

Hatimaye nikapata anwani ya msimamizi mmoja, nikamwandikia kwa siri. Tukangoja. Kila injini iliponguruma, Bi Mwatum aliacha kutwanga, mchi ukabaki juu.

Jibu lilikuja baada ya Alasiri. Nikafungua historia. Maneno ya Hamzah hayakusomeka tena, na jina lake mwenyewe halikuwapo. Palikuwa na mstari wa kijivu uliokatwa, usiofunguka. Juu yake ulikuwapo mstari wangu, pamoja na maelezo niliyoyaweka asubuhi kwa fahari: "Nimeondoa siri ya watu. Mabruki Duni Nyange."

Bi Mwatum aliusoma mara mbili.

"Sasa watakuuliza weye."

"Na waulize," nikasema.

Nilimkataza kufika kwangu, nikarudi kwa njia ya mbali na banda, nikakaa barazani, mlango wazi. Magharibi haijaadhiniwa, gari lilikata kona. Nyumba ya Bi Mwatum liliipita bila kupunguza mwendo. Likasimama mbele yangu, na mtu wa kiti cha mbele akaniita majina yote matatu.