Uso Ulioliwa na Jua

Kusumben, bibi wa mji wa Bhuj mwenye mtoto wa jicho, alibeba picha ya mama yake katika kitambaa chekundu mpaka makumbusho. Ilikuwa picha pekee. Mama alifariki Kusumben akiwa bado ananyonya, na sasa alitaka ikuzwe kwenye kompyuta, amwone vizuri kabla macho hayajapofuka kabisa.

Jigna, mpiga picha wa pale, alifunga mapazia. "Picha za zamani zinaliwa na mwanga, Bibi. Nitawasha taa mara moja tu, niipige."

"Washa, binti. Mama yangu haogopi taa! Kila mwaka siku ya kumbukumbu yake tunamtundika barazani, apate jua kutwa nzima, tunamvika maua, tunamwashia na taa ya samli. Majirani wanasema nimemdekeza kuliko mume wangu."

Jigna hakucheka. Taa iliwaka, ikazimika. Kwenye kioo cha kompyuta ikatokea sari, mkono juu ya kiti, na mahali pa uso, weupe mtupu.

"Mbona kimya? Kuza."

Akakuza. Weupe nao ukakua.

"Haya niambie, pua yake kama yangu?"

Jigna alijaribu kila alichokijua. "Bibi, uso umefutika. Lile jua la barazani..."

Kusumben alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akapapasa weupe ule kwa kidole, huku na huku, akitafuta macho.

"Sasa kesho kutwa, siku ya kumbukumbu yake," akauliza taratibu, "maua nitamvika nani?"

Jigna akaifunika picha, isipate mwanga zaidi.