Kioo Juu ya Ufa

Jumanne, tarehe tisa Juni, manyunyu yalianza tangu alfajiri. Jumba la kale lingebaki katikati ya maghorofa mapya mradi ukuta wake usisogee. Lakini kipande cha kioo ambacho Fundi Chokaa alikibandika juu ya ufa wa ukuta huo, ili kivunjike ukisogea, kilikuwa kimepasuka.

"Ukuta umesogea, mzee," msimamizi wa ujenzi alisema. "Jumba limekula chumvi ya kutosha. Livunjwe."

Fundi alikwangua chini ya kioo kwa kucha. Kumbe alikibandika juu ya lipu mbichi, si juu ya jiwe. Lipu ilipokauka ilikivuta hadi kikapasuka.

"Ukuta ni mzima, mwanangu. Nimekosea mimi."

"Maneno matupu hayo."

Fundi akawageukia vibarua wote waliokuwa wakisubiri kubomoa. "Nabandika kingine kwenye jiwe. Kikipasuka kabla ya Ijumaa, naahidi mbele yenu, nyundo ya kwanza nitapiga mimi."