Chumba cha Pili Kushoto

Nyumba ya Salme binti Kombo pale Majengo, Pumwani, ilijengwa na bibi yake kabla ya vita vya Hitler. Kuta za udongo na fito, paa la mabati, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande. Nyumba za rika lake zilikuwa zikibomolewa moja moja, lakini Salme aliing'ang'ania yake. Alikuwa akilaza wasafiri: wachongaji wa Ukambani walioleta vinyago mjini, wachuuzi, na yeyote aliyekosa basi. Wengi walimwita mama, wakarudi tena na tena.

Alasiri moja ya mwaka 1994 mwanamke mzee alipanda barazani na kiondo chake, wala hakubisha hodi.

"Nimekosa basi ya Nyeri," alisema. "Nataka kulala hapa."

"Karibu, mama. Chumba kipo, hiki hapa cha mbele."

"Hicho sitaki. Nataka cha pili, mkono wa kushoto."

Salme alimweleza kwamba mle amelala mtu, mchongaji aitwaye Nzau, na ameshaliweka gunia lake la vinyago.

"Basi atoke."

Nzau, mtu mpole, alihama mwenyewe huku akinung'unika Kikamba. Mwanamke aliingia, akapapasa ukuta chini ya dirisha kama mtu atafutaye msumari, kisha akakaa kitandani na viatu vyake. Salme alimletea chai. Hakuigusa.

"Chai ya nyumba hii sinywi."

"Mama, nimekukosea nini?" Salme alianza kupandwa na hasira. "Kama nyumba haikufai, mlango ni ule."

"Chumba hiki nilishanyang'anywa mara moja. Safari hii nitatoka kesho, kwa miguu yangu." Akafungua kiondo, akatoa kiazi kilichopoa na chupa ya maji, akala akimkazia macho. "Naitwa Wacera. Mke wa Irungu. Au jina hilo hulijui?"

Salme alichukua kikombe na kutoka. Irungu, fundi cherehani, alipanga chumba hicho na mkewe wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipowasaka wapigania uhuru. Salme alikuwa na miaka tisa.

Asubuhi Fahim, mdogo wake, alipita kunywa chai kama alivyozoea kabla ya kwenda kazini. Alikuwa karani katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Nzau na wageni wengine wawili walikuwa wamekaa mkekani ukumbini. Wacera alitokea chumbani na kiondo chake begani, akasimama mbele yao.

"Mnajua mnalala kwa nani?" aliwauliza. "Baba ya hawa, Kombo, alimuuza mume wangu kwa askari. Siku hiyo mimi nilikamatiwa sokoni, nikapakiwa lori nikarudishwa kwetu. Irungu alibaki humu, akachukuliwa, akafia kambini. Jirani walinitumia habari: ni Kombo. Miaka arobaini nimesema nitakuja kulitemea mate jina lake mlangoni pake. Miguu ikaanza kukataa, nikajua nisipokuja sasa siji tena."

Fahim aliweka kikombe chini kwa kishindo. "We mama, baba yetu amekufa. Mwache!"

"Nimuache? Yeye alituacha?"

"Nimepigana shuleni kwa maneno haya haya! Mtoto wa msaliti, mtoto wa msaliti! Dada, mtoe huyu kabla sijamtoa mimi."

Wote walimtazama Salme. Angeweza kunyamaza. Alikuwa amenyamaza tangu utotoni, na marehemu hakuwa na mdomo wa kujitetea.

"Si baba," alisema.

"Nini?"

"Baba alimficha Irungu juu ya dari. Askari walipomuuliza alikataa. Wakampiga kitako cha bunduki hapa," akagusa taya, "akakataa tena. Kisha yule mzungu wao akaja kwangu jikoni. Akanionyesha peremende. Akaniuliza, mjomba yuko wapi? Nikaonyesha juu."

Wacera alimsogelea mpaka pumzi zao zikakutana.

"Ulikuwa unajua watamfanya nini?"

"Nilijua wanamtafuta. Nilijua hatakiwi kuonekana." Salme alishindwa kuinua macho. "Nilitaka peremende, mama."

"Usiniite mama." Mzee alirudi nyuma hatua moja. "Nimemlaani mtu aliyepigwa kwa ajili ya mume wangu. Nimemlaani kila nilipoamka. Hata hilo umeniharibia." Akaitoa kamba ya kiondo begani, akaivuta hadi kwenye paji la uso. "Sikusamehi. Usije ukawaambia watu nilikusamehe."

Akashuka barazani, akaelekea kituoni, polepole, bila kugeuka.

Salme alidhani kubwa limepita. Alipogeuka, Fahim alikuwa amesimama amekunja ngumi, machozi yanamtoka.

"Baba aliacha kwenda msikitini kwa sababu ya macho ya watu," alisema. "Alikufa akiswali chumbani peke yake. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Yeye mwenyewe alinikataza kusema, Fahim. Alisema watu wakijua, maisha yangu yataharibika."

"Alikukataza ukiwa mtoto. Ukiwa na mvi je?"

Aliondoka hata koti akalisahau. Kesho yake hakuja, wala wiki iliyofuata. Nzau ndiye aliyesambaza habari sokoni kwamba Kombo hakuwa msaliti, na wazee kadhaa walikuja, wakiona haya, kumpa Salme pole, wakakaa kidogo, wakaondoka. Mmoja hakumpa mkono.

Jumapili ya tatu Salme alichukua koti na bakuli la biriani, akaenda mtaa wa Fedha alikohamia Fahim. Alibisha lango. Khawla, mke wa Fahim, alitoka, akalifungua kidogo tu, akasimama kwenye upenyo. Nyuma yake redio ilikuwa ikitangaza mpira, na mtu akakohoa, kikohozi ambacho Salme alikijua tangu akimbeba mgongoni.

"Amesema hayupo, wifi," Khawla alinong'ona, uso umemshuka kwa aibu.

Salme alimkabidhi koti. Bakuli Khawla hakulipokea.